Sungura na Nyumba Iliyoitika: Lugha ya Hila katika Ngano na katika Maisha ya Simu ya Mkononi

Ikisiri

Waandishi wa fasihi ya watoto wamekuwa wakimhamisha Sungura wa ngano kutoka porini na kumpeleka mjini, wakimpa simu, bodaboda na ofisi. Makala haya yanafafanua ni kitu gani hasa katika mhusika huyu kinachopaswa kuhama ili abaki kuwa Sungura. Kwa kuchunguza visa viwili vilivyosimuliwa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 1870 na 1901, makala yanaonesha kwamba ujanja wa Sungura si sifa ya tabia tu, bali ni namna mahususi ya kutumia lugha: kusema jambo lisilokuwapo kana kwamba tayari linajulikana, kisha kumwachia msikilizaji alikamilishe mwenyewe. Mbinu hiyo ndiyo inayotumika leo katika ujumbe wa utapeli wa simu. Kutokana na ulinganisho huo, makala yanapendekeza kigezo cha kutathmini hadithi zinazomweka Sungura katika maisha ya kisasa.

Istilahi za msingi: ngano, Sungura, hila, pragmatiki, dhanio tangulizi, fasihi ya watoto

1.0 Utangulizi

Katika ngano za Kiswahili hakuna mnyama anayejulikana na watoto kuliko Sungura. Mtoto hukutana naye kabla hajajua kusoma, kisha hukutana naye tena katika vitabu vya madarasa ya awali, ambamo jina lake huandamana na kivumishi kimoja karibu kila mara: mjanja. Nje ya Kiswahili anajulikana kwa majina mengine. Wachewa na Wabemba humwita Kalulu, Waganda humwita Wakayima, nao Washona humwita Tsuro. Popote alipo, yeye ni mnyama mdogo asiye na pembe wala makucha ya kujivunia, anayeishi miongoni mwa wenye nguvu na kuokoka kwa akili.

Ni jambo la kawaida, basi, kwamba mwandishi anayetaka kumwandikia mtoto wa leo humchukua Sungura na kumtia katika mazingira ambayo mtoto huyo anayajua. Sungura anapanda daladala, anauza nguo sokoni, anatuma pesa kwa simu. Hata hivyo, juhudi za namna hii hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni mabadiliko ya juujuu: simu inaingia katika hadithi, lakini ukiiondoa na kuweka ngoma au barua, hakuna kinachobadilika katika msuko. Ya pili ni nzito zaidi. Ujanja wa Sungura unapowekwa katika mji wenye pesa na mikataba, hugeuka kwa urahisi kuwa wizi, na mwandishi hujikuta ama anamsifu mwizi ama anamwadhibu mhusika ambaye watoto walikuja kumshangilia.

Makala haya yanashikilia kwamba hatari zote mbili zina chanzo kimoja, nacho ni kutolifafanua kwa usahihi neno ujanja. Ikiwa ujanja utaelezwa kuwa ni werevu kwa jumla, hauna umbo la kuhamishika. Ukitazamwa kama kitendo cha lugha, unaweza kuelezwa hatua kwa hatua, ukafuatwa kutoka msituni hadi kwenye kioo cha simu, na hapo ikajulikana ni nani leo anayezungumza kwa sauti ya Sungura.

2.0 Sungura kama mhamiaji wa siku nyingi

Kabla ya kuuliza kama Sungura anaweza kuhimili maisha mapya, inafaa kukumbuka kwamba hata Sungura wa kale ana historia ya kuhama. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Zanzibar. Humo kimo Kisa cha Punda wa Dobi, ambacho ni hadithi ndani ya hadithi. Papa amemchukua rafiki yake Kima mgongoni kuelekea kwao, na wakiwa katikati ya bahari anamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajiokoa kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha mtini. Akishafika salama juu ya mti anamsimulia Papa kisa cha punda wa dobi, aliyerubuniwa na Sungura akapelekwa kwa Simba, akaponea chupuchupu, kisha akarubuniwa mara ya pili na kuuawa.

Visa hivi viwili vimo pia katika Panchatantra ya Kisanskriti na katika Kalila wa Dimna, tafsiri ya Kiarabu iliyofanywa na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Tofauti iliyopo ni ya wahusika. Katika masimulizi hayo ya nje anayemrubuni punda ni mbweha. Kiumbe wa majini naye ni mamba katika Kisanskriti na kobe katika Kiarabu. Kisa kilipokaa Pwani, kiumbe wa majini akawa Papa, kwa kuwa msikilizaji wa Zanzibar aliishi na bahari, na nafasi ya mrubuni ikapewa Sungura, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya katika ngano za Kiafrika.

Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa ngano wa mwaka 1928, alionesha kwamba katika ngano wahusika hubadilika lakini majukumu yao hudumu. Uhamisho wa kisa cha punda unaafikiana na hoja hiyo: wasimulizi wa Pwani hawakumpachika mbweha mavazi ya Kizanzibari, bali waliuliza kazi yake ni ipi na ni nani katika ulimwengu wao anayeifanya. Aidha, punda mwenyewe ni mnyama wa kazi za mji. Jina la mwajiri wake, dobi, ni neno lenye asili ya Kihindi linalotaja ajira ya mjini. Kwa hiyo, dai kwamba Sungura ni mhusika wa pori aliyeingizwa mjini juzi halina msingi.

Uhamiaji huo uliendelea hata ng'ambo. Watu waliotekwa Afrika na kupelekwa Marekani kama watumwa walikuwa na sungura wao, Brer Rabbit, ambaye visa vyake vilianza kuchapishwa katika kitabu na Joel Chandler Harris mwaka 1880. Mashamba ya utumwa hayakumbadilisha Sungura kwa kumvika kofia. Yalimpa Simba mpya.

Jambo dogo la picha linastahili kutajwa hapa. Kiswahili hutumia neno sungura kwa mnyama wa porini na kwa yule wa kufugwa, ilhali hawa ni wanyama wawili tofauti. Wa porini ni wa jenasi ya Lepus. Hachimbi shimo, hulala juu ya ardhi, na kinga yake ni macho, masikio na mbio. Wa kufugwa ana asili ya rasi ya Iberia. Wachoraji wa vitabu vya watoto aghalabu huchora huyu wa pili, mweupe mwenye macho mekundu na karoti mkononi. Mtoto anayeoneshwa mnyama wa bandani hawezi kuona kwa urahisi kwa nini Sungura wa ngano analazimika kuwa macho wakati wote.

3.0 Nyumba inayosalimiwa

Kisa kinachofaa zaidi kwa uchambuzi wa lugha ya Sungura ni kile cha Sungura na Simba, kilichomo katika mkusanyiko wa hadithi za Zanzibar uliotolewa na George W. Bateman mjini Chicago mwaka 1901. Sungura amekuwa akiiba asali ya Simba na kumponyoka kila anapokamatwa. Mwishowe Simba anakwenda nyumbani kwa Sungura na kujificha ndani. Sungura anaporudi anaingiwa na shaka. Hakimbii, wala haingii. Anasimama mbali na kuisalimu nyumba. Nyumba inanyamaza. Anashangaa kwa sauti ya kusikika: siku zote akiisalimu nyumba yake huitika, leo kuna nini? Bila shaka kuna mtu ndani. Simba, kwa kuhofu kugunduliwa, anaitika salamu. Hapo Sungura anamuuliza ni wapi alikowahi kusikia nyumba ikizungumza, na kutimua mbio. Kisa cha nyumba inayosalimiwa kimo pia miongoni mwa visa vya Brer Rabbit.

Mbinu hii ina tabaka tatu za kiisimu, na kila moja inaonekana wazi zaidi kisa kinaposimuliwa kwa Kiswahili.

Tabaka la kwanza ni la adabu ya mazungumzo. Mswahili anayefika mlangoni hupiga hodi, na hodi humhusu mtu aliye ndani. Nyumba haihusiki. Sungura anaacha hodi kwa makusudi na kutumia salamu yenyewe: Hujambo, nyumba? Salamu ya Kiswahili hudai itikio, na kuinyamazia ni kosa la adabu. Simba amewekwa mahali ambapo kimya chake, kilichokuwa silaha yake, kimegeuzwa kuwa jambo lisilo la kawaida.

Tabaka la pili ni la sarufi. Nomino sungura kwa umbo ni ya ngeli ya 9, lakini kwa kuwa inataja kiumbe hai huchukua upatanisho wa ngeli ya 1: sungura amefika. Nyumba ni ya ngeli hiyo hiyo ya 9, lakini hubaki na upatanisho wake: nyumba imefungwa. Mpaka kati ya kiumbe na kitu unalindwa na kiambishi. Kiambishi h-u- katika hujambo kinauvuka mpaka huo, kwa kuwa nafsi ya pili haina ngeli. Mara tu nyumba inapoambiwa hujambo, imeshafanywa kuwa msemeshwa, na hakuna tamko lolote lililodai waziwazi kwamba nyumba husema.

Tabaka la tatu ndilo kiini. Uongo unaomnasa Simba unahusu desturi: nyumba yangu huitika. Umbo la hu- katika Kiswahili halibebi kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Halitaji siku, kwa hiyo halina siku inayoweza kuulizwa. Mtu akisema nyumba iliitika jana, anaweza kuombwa shahidi. Akisema huitika, ametaja kanuni ya ulimwengu wake, na mgeni katika ulimwengu huo hana pa kusimama akabisha. Inafaa kuona kwamba uongo wa Kima kwa Papa una umbo hilo hilo: sisi kima tukisafiri huacha mioyo mtini. Wote wawili wanaokoka kifo kwa kumpa adui maelezo ya desturi ambayo adui, kwa kuwa si wa jamii hiyo, hawezi kuyahakiki.

Katika pragmatiki, jambo linalochukuliwa na msemaji kuwa tayari linakubaliwa na pande zote huitwa dhanio tangulizi. David Lewis alieleza mwaka 1979 kwamba mazungumzo yana tabia ya kuyapokea madhanio ya namna hiyo: tamko likihitaji jambo fulani liwe kweli, na asitokee wa kupinga, jambo hilo huhesabiwa kuwa limekuwapo. Simba alitenda hivyo hasa. Alilipokea dhanio na kulitendea kazi, na kitendo chake cha kulitendea kazi ndicho kilichomfichua.

Kwa muhtasari, hila ya Sungura ina sehemu tatu: dhanio la kubuni linalosemwa kama jambo la kawaida, msikilizaji mwenye haja inayomzuia kubisha, na nafasi iliyoachwa wazi ili msikilizaji mwenyewe aijaze. Sungura hamlazimishi mtu. Simba hujifunga mwenyewe.

4.0 Sungura aliyetumwa

Uchambuzi ungeishia hapo, Sungura angeonekana kuwa mtetezi wa wanyonge na kazi ya mwandishi wa leo ingekuwa rahisi. Kisa cha Punda wa Dobi hakiruhusu hitimisho hilo. Humo Sungura hayuko upande wa mnyonge. Simba ni mgonjwa na hawezi kuwinda, naye Sungura anakwenda kumletea mawindo. Anamfuata punda jike, mnyama wa kazi ngumu asiye na makuu, na kumwambia kwamba ametumwa kumposa. Akiulizwa ametumwa na nani, anamtaja Simba.

Lugha ya tukio hili ni tofauti na ile ya nyumba. Kauli iliyotangulizwa ni ya kutendwa: nimetumwa. Msemaji anajiondoa katika wajibu na kujifanya njia tu, huku uzito wa tamko ukiegemea mamlaka ambayo haipo mbele ya msikilizaji. Haja ya msikilizaji nayo imebadilika. Simba ndani ya nyumba aliongozwa na hofu ya kugunduliwa, lakini punda anaongozwa na tumaini la kuheshimiwa. Baada ya kunusurika mara ya kwanza anaelezwa kwamba alichokiona hakikuwa shambulio, na anarudi.

Mwisho wa kisa ni mkali. Sungura anakula moyo na masikio ya punda, na Simba anapovidai anajibiwa kwamba punda huyo hakuwa na moyo wala masikio, maana angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Sungura amemtumikia mwenye nguvu, amemwangamiza mnyonge, amemwibia mwenye nguvu, kisha akamtupia lawama marehemu.

Tukio hili aghalabu huachwa katika masimulizi ya watoto, na sababu zake zinaeleweka. Hata hivyo, kwa mtafiti lina thamani kubwa, kwa kuwa linaonesha kwamba ngano yenyewe ilijua tangu zamani kuwa mbinu moja ya lugha inaweza kumwokoa mnyonge na inaweza kumwangamiza. Kinachotofautisha matumizi hayo mawili ni mwelekeo: je, hila inapanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, au inashuka kutoka kwa wakala wa mkubwa kwenda kwa mdogo?

5.0 Kutoka mlangoni hadi kwenye kioo cha simu

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Katika muda mfupi simu ya mkononi ikawa mfuko wa pesa wa watu ambao hawakuwahi kuwa na akaunti ya benki. Pamoja na mfuko huo ulikuja utanzu mpya wa usemi wa hila. Nchini Tanzania mfano wake unaojulikana zaidi ni ujumbe mfupi unaosema: ile pesa itume kwenye namba hii. Umesambaa kiasi cha kuwa mzaha wa kila siku, na mara nyingi huchukuliwa kuwa ni ulaghai wa kijinga. Kisarufi, si wa kijinga hata kidogo.

Kionyeshi ile hakioneshi hapa kitu kilicho mbali na macho. Kinarejelea jambo ambalo wazungumzaji wote wawili wanalijua. Kiambishi cha yambwa -i- katika itume kinaimarisha ujulikanaji huo, kwa kuwa katika Kiswahili yambwa isiyo hai huwakilishwa katika kitenzi hasa inapokuwa mahususi. Tuma pesa lingekuwa ombi, na ombi huulizwa sababu. Ile pesa itume ni mwendelezo wa mazungumzo ambayo hayakuwahi kuanza. Kwa maneno sita, mtumaji amejenga historia nzima: kuna deni au ahadi, imekwisha kukubaliwa, na kilichobadilika ni namba tu.

Mtumaji hahitaji kumjua mpokeaji. Ujumbe ukifika kwa watu wengi, miongoni mwao atakuwapo aliyeahidi kutuma kodi ya nyumba, ada ya mtoto au mchango wa msiba. Huyo ndiye atakayelijaza neno ile kwa pesa yake halisi. Dhanio la kubuni, msikilizaji mwenye haja, nafasi iliyoachwa wazi: sehemu zote tatu za kisa cha nyumba zimo.

Aina ya pili ya ujumbe inafanana na kisa cha punda. Humo mpokeaji huambiwa kwamba amechaguliwa, kwamba ameshinda, au kwamba akaunti yake imefungiwa. Vitenzi viko katika kauli ya kutendwa na mtenda hatajwi, au anatajwa kama taasisi kubwa iliyo mbali. Msemaji ametumwa tu. Anayeahidiwa zawadi anavutwa kwa tumaini la punda, na anayetishiwa kufungiwa anavutwa kwa hofu ya Simba.

6.0 Sungura wa namna tatu katika mazingira ya kisasa

Kutokana na maelezo hayo, hadithi zinazomweka Sungura katika maisha ya leo zinaweza kugawanywa katika namna tatu.

Namna ya kwanza ni ya Sungura aliyevikwa. Ana suti, kompyuta na gari, lakini ushindi wake unatokana na chombo badala ya neno. Anamshinda Fisi kwa kuwa simu yake ina ramani. Hadithi kama hii inaweza kufundisha msamiati wa vifaa, lakini mhusika wake angeweza kuwa mnyama yeyote.

Namna ya pili ni ya Sungura tapeli. Mbinu yake ya lugha imehifadhiwa, lakini mwelekeo umepinduliwa pasipo msimulizi kutambua. Anamtumia ujumbe bibi mmoja kijijini, bibi anatuma akiba yake, na msomaji anaalikwa kucheka. Hapa kuna jambo zito kuliko ufundi wa hadithi. Katika ngano ya nyumba aliyechekwa ni Simba. Katika hadithi hii anayechekwa ni bibi, na kosa lake ni kuwa aliamini mazungumzo yana historia ya kweli. Mtoto anayejifunza kumcheka bibi kwa kuitwa mjanja anapokea maana mpya ya neno hilo bila kuambiwa kwamba imebadilika. Nje ya kitabu, kitendo hicho ni kosa la jinai, na Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayokishughulikia. Ndani ya kitabu kinaitwa werevu. Kumalizia kwa kumpeleka Sungura gerezani hakuondoi tatizo, kwa sababu furaha ya kusoma imeshatolewa katika kurasa zilizotangulia.

Namna ya tatu ni ya Sungura anayeisalimu nyumba. Mfano wa kubuni ufuatao unatosha kuonesha muundo wake. Sungura anaishi katika chumba cha kupanga Mbagala. Jioni moja anapokea ujumbe kutoka namba ngeni: Mwanangu, simu yangu imeharibika, ile pesa itume kwenye namba hii. Ni kweli kwamba amemwahidi mama yake pesa. Anajibu: Shikamoo mama. Naituma sasa hivi. Je, niweke lile jina la mjomba Kiboko kama siku zote, au safari hii tuliache? Jibu linakuja upesi: Marahaba mwanangu, weka hilo hilo la mjomba. Sungura anaandika mara ya mwisho: Ukoo wetu hauna mjomba anayeitwa Kiboko. Nyumba imeitika.

Kinachotokea hapa ni mbinu ya zamani yote, bila pungufu. Sungura amebuni desturi (kama siku zote), ameisema kana kwamba inajulikana (lile jina), na ameacha nafasi ya kujazwa. Tapeli, kama Simba, ana haja inayomzuia kubisha. Mama halisi angeuliza mjomba huyo ni nani. Simu katika hadithi hii haiwezi kubadilishwa na ngoma, kwa kuwa ni simu iliyoondoa sura na sauti za wazungumzaji, kama vile ukuta wa nyumba ulivyomficha Simba. Bila shaka, katika maisha halisi njia salama ni kumpigia mhusika kwa namba yake ya zamani na kutojibizana na tapeli. Hadithi si mwongozo wa usalama. Kazi yake ni kumzoesha mtoto kusikia ile na kujiuliza: ipi?

7.0 Mipaka ya hila

Ulinganisho huu una mipaka. Hila ya Sungura humhitaji msikilizaji mwenye haja. Mashine inayomwambia mteja abonyeze moja haiogopi kugunduliwa wala haitumaini kuposwa, hivyo dhanio haliwezi kupandwa ndani yake. Zaidi ya hayo, swali alilomwachia Simba, ni wapi aliposikia nyumba ikizungumza, halina tena jibu moja. Vipo leo vifaa vya nyumbani vinavyoitika vikisemeshwa. Mwandishi atakayemweka Sungura katika nyumba ya namna hiyo atalazimika kumbunia jaribio jipya, kwa kuwa itikio peke yake halithibitishi kuwapo kwa Simba. Huenda swali lifaalo likawa: nyumba hii inaitika kwa niaba ya nani?

Utambulisho nao umebadilika. Katika masimulizi mengi ya Kiafrika Kobe humshinda Sungura mbio kwa kuwapanga jamaa zake njiani, kila mmoja akijitokeza na kudai kuwa ndiye yule yule. Hila hiyo inategemea kutotofautishika. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza kutekelezwa Tanzania nzima mwaka 2019, ni jibu la kiutawala kwa hila ya Kobe: kila kobe na kidole chake. Hata hivyo, laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mmoja inaweza kushikwa na mkono wa mwingine, na mbio zikaendelea. Kumbukumbu ya maandishi hupunguza baadhi ya hila na kuziacha nyingine kama zilivyokuwa, na uongo wa desturi ni miongoni mwa zinazobaki, kwa kuwa hauigusi kumbukumbu yoyote iliyoandikwa. Unagusa imani ya mtu kuhusu mazungumzo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua ujanja wa Sungura kama mbinu ya lugha yenye sehemu tatu, na yameonesha kwamba mbinu hiyo imo katika visa vilivyosimuliwa Zanzibar katika karne ya 19 na katika ujumbe wa utapeli wa karne ya 21. Sungura ameweza kuvuka bahari na lugha kwa sababu kilichohama si masikio yake bali kazi yake. Mwandishi wa fasihi ya watoto anayetaka kumleta katika maisha ya leo anaweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kuandika. Ushindi wa mhusika unatokana na neno au na kifaa? Hila yake inampanda mwenye nguvu au inamshukia mnyonge? Mazingira mapya yamebadilisha namna hila inavyofanya kazi, au yamebadilisha picha ya jalada tu?

Kwa walimu wa fasihi simulizi, ufafanuzi huu unatoa nafasi ya kulitazama upya swali linalofunga karibu kila kipindi cha ngano: tunajifunza nini? Wanafunzi huzoea kujibu kwamba tusiwe wadanganyifu, mara tu baada ya kumshangilia mdanganyifu, na ukinzani huo hupita bila kujadiliwa. Swali lingeweza kuwa jingine: Simba alikosea wapi? Jibu lake, kwamba aliitika jambo ambalo hakuliuliza lilitoka wapi, ni somo la isimu ambalo mtoto wa miaka minane anaweza kulielewa, na ambalo bibi yake atalihitaji siku simu yake itakapolia.